Dola ikifa, akiba yangu itakuwaje? Jibu kwa mwagizaji wa vipuri wa Kariakoo

SWALI: "Naagiza vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou mara tatu au nne kwa mwaka, kila mzigo kama dola 10,000. Benki nina dola 14,000 kwa ajili ya mizigo ijayo, na shilingi za kuendeshea duka. Kwenye magrupu ya WhatsApp tunaambiwa dola inakufa: mkataba wa mafuta wa Saudia umekwisha, BRICS wametoa noti yao, na nchi kubwa zinakimbilia dhahabu. Jamaa ananishauri nigeuze dola zote ziwe yuan, au ninunue dhahabu kabla mambo hayajaharibika. Muuzaji wangu wa China naye anasema nikilipa kwa yuan atanipunguzia bei kidogo. Nifanye nini?"

JIBU: Ndugu muulizaji, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na wanaokushauri ndio waliokuchanganyia. La kwanza ni kama dola itaendelea kuwa sarafu ambayo dunia inauziana nayo. La pili ni dola zako 14,000 zitanunua nini siku ya kulipia mzigo. Sarafu inaweza kushuka bei huku inaendelea kutawala, na inaweza kupanda bei huku utawala wake unapungua.

Tazama yaliyotokea Kenya. Januari 2024 dola moja ilikuwa inauzwa karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Katika miezi hiyo nafasi ya dola duniani haikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni hofu: watu waliogopa kwamba serikali isingeweza kulipa hati fungani (deni ambalo serikali ilikopa sokoni) ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Februari ilipokopa dola bilioni 1.5 sokoni, hofu ikapungua na waliokuwa wamekalia dola wakaanza kuziuza. Aliyenunua dola kwa 160 akisubiri ifike 200 alipoteza karibu moja ya tano ya shilingi zake, na sarafu aliyoishika ilikuwa bado ndiyo mfalme wa dunia.

Sasa tuziondoe habari zisizo za kweli. Marekani na Saudia zilitia saini makubaliano Juni 1974, na yaliunda tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi. Hayakuwa na kifungu kinachoilazimisha Saudia kuuza mafuta kwa dola peke yake, kwa hiyo hicho kinachodaiwa kwisha Juni 2024 hakikuwepo. Saudia iliuza kwa dola kwa sababu mafuta yalikuwa tayari yanapangiwa bei kwa dola, na kwa sababu ilihitaji mahali pa kuweka mabilioni yasiyo na kazi nyumbani. Kuhusu noti ya BRICS, kundi la Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao, iliyoonekana kwenye mkutano wa Kazan Oktoba 2024 ilikuwa ya mfano tu, ya kupigia picha. Hakuna benki kuu iliyoitoa, na huwezi kununulia hata kiberiti. India, mwanachama mkubwa wa kundi hilo, imesema waziwazi kwamba haina mpango wa kuiondoa dola. Anayekuuzia "sarafu ya BRICS" kwenye simu ni tapeli, basi.

Habari ya dhahabu ina ukweli. Benki kuu za dunia kwa pamoja zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka, 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya Urusi ya thamani ya kama dola bilioni 300. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa Marekani hata kidogo. Ilikuwa Ulaya, na nyingi zilishikwa Ubelgiji, kwa hiyo kuikimbia dola na kuingia kwenye yuro hakukuisaidia Urusi kitu. Serikali nyingine zilijifunza kwamba dhahabu iliyo kwenye ghala lako mwenyewe haizuiwi na mtu. Sababu hiyo ina uzito kwa serikali inayoogopa vikwazo. Wewe unayeagiza mnyororo na bushi za pikipiki, hakuna anayekuwekea vikwazo.

Kwa nini dunia ikakubaliana kutumia sarafu ya nchi moja? Fikiria Mhaya, Msukuma na Mmakonde wanaokutana sokoni kwako. Wanaongea Kiswahili, na si kwa sababu Waswahili wa pwani ni wengi kuliko wao. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake anakijua. Hata kabila moja likiongezeka mara mbili, soko halitabadilisha lugha kesho yake, maana wa kwanza kubadilisha ndiye atakayepata hasara ya kutoeleweka.

Hesabu ya sarafu ni hiyohiyo. Dunia ina sarafu karibu 180. Kama kila moja ingebadilishwa moja kwa moja na kila nyingine, yangehitajika masoko 16,110, na mengi yangekuwa matupu: nani yupo leo asubuhi anayetaka kuuza peso za Chile apewe shilingi za Tanzania? Ukiweka sarafu moja katikati, masoko yanabaki 179, na kila moja lina wanunuzi na wauzaji wa kutosha. Penye wanunuzi wengi, tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza inakuwa ndogo, na hiyo inavuta wengine zaidi. Ndiyo maana uchunguzi wa Aprili 2022 wa Benki ya Malipo ya Kimataifa, ile ya Basel, ulikuta dola iko upande mmoja wa asilimia 88 ya mabadilishano yote ya fedha duniani. Uchunguzi wa 2025 ulikuta asilimia 89. Mfu gani huyo?

Juu ya hilo kuna ankara na madeni. Chai kwenye mnada wa Mombasa inauzwa kwa dola. Kahawa ya robusta, ambayo bei yake ya dunia inapangwa kwenye soko la London, inatajwa kwa dola kwa tani, sio kwa pauni. Kampuni inayolipwa dola inakopa kwa dola ili mapato na deni viende pamoja. Aliyekopa kwa dola anadai alipwe dola ili aweze kurudisha. Benki kuu inaweka akiba ya dola kwa sababu inajua wafanyabiashara wake wanadaiwa dola. Na akiba hiyo ina mahali pa kukaa: hati fungani za serikali ya Marekani, soko lenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 25, ambapo nchi inaweza kuuza za bilioni moja kabla ya chakula cha mchana bila kuyumbisha bei. Ankara, deni na akiba vinashikana, na ukitaka kuing'oa sarafu lazima ulegeze vyote vitatu.

Pauni ya Uingereza inaonyesha jinsi vinavyolegea. Kabla ya 1914 sehemu kubwa ya biashara ya dunia, inakadiriwa asilimia 60 hivi, ilipitia hati za malipo za London. Mfanyabiashara wa New York akinunua kahawa Brazil, alilipa kwa hati ya pauni iliyodhaminiwa na benki ya London, na London ikala kamisheni. Hapo uchumi wa Marekani ulikuwa umeshaupita wa Uingereza kwa miongo kadhaa, lakini dola haikuwa na nafasi yoyote nje. Marekani haikuwa na benki kuu, na sheria ilizikataza benki zake za kitaifa kufungua matawi nje ya nchi.

Sheria hiyo ilibadilishwa Desemba 1913, pamoja na kuundwa kwa Benki Kuu ya Marekani. Miezi michache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na Uingereza ikageuka kutoka mkopeshaji kuwa mkopaji. Benki Kuu mpya haikukaa kusubiri. Tawi lake la New York, chini ya Benjamin Strong, lilinunua hati za biashara za dola makusudi ili soko lake lipate uhai. Katikati ya miaka ya 1920 dola ilikuwa imeifikia pauni. Tangu sheria ibadilike ni kama miaka kumi tu, lakini tangu uchumi wa Marekani uwe mkubwa kuliko wote ni zaidi ya miaka thelathini. Ukubwa wa uchumi peke yake hautoshi. Lazima pawe na benki, sheria na soko la kuuzia hati.

Halafu mambo yakarudi nyuma kidogo. Pauni iliacha kubadilishwa kwa dhahabu Septemba 1931, dola ikashushwa thamani 1933, na kwa miaka kadhaa zote mbili zilikaa pamoja bila mmoja kumfukuza mwenzake. Kilichoimaliza pauni ni deni. Vita vya pili vilipokwisha, Uingereza ilidaiwa zaidi ya pauni bilioni 3 na nchi kama India na Misri. Julai 1947, kwa sharti la mkopo wa Marekani, iliruhusu pauni zibadilishwe kwa dola bila kizuizi. Kila aliyekuwa na pauni alikimbilia dirishani, na baada ya wiki tano tu ruhusa ikafungwa. Mwaka 1949 pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Mwaka 1956, kwenye vita vya Suez, Marekani ilikataa kuisaidia pauni mpaka majeshi ya Uingereza yaondoke Misri. Novemba 1967 ikashushwa tena, hadi dola 2.40.

Hapo pauni ilitugusa sisi. Pwani yetu ilikwisha kubadilisha sarafu mara kadhaa: reale za Maria Theresa, kisha rupia za India, kisha shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920, iliyofungwa kwenye pauni kwa shilingi 20. Tanzania, Kenya na Uganda zilipata benki kuu zao 1966, na pauni iliposhushwa mwaka uliofuata zilikataa kushuka nayo. Pauni ikawa shilingi 17.14. Aliyekuwa na akiba London lakini matumizi yake yako Dar es Salaam alipoteza moja ya saba usiku mmoja. Aliyekuwa na akiba hiyohiyo London na ankara ya pauni ya kulipa hakupoteza kitu, kwa sababu deni lake na akiba yake vilishuka pamoja. Mshike huyo wa pili, maana yeye ndiye jibu la swali lako.

Dola ya leo iko wapi kwenye njia hiyo? Kwenye akiba za benki kuu, sehemu yake ilikuwa karibu asilimia 71 mwaka 1999, na miaka ya karibuni ni kama asilimia 58. Kushuka kupo. Lakini ni kwa robo karne, na sehemu kubwa haikwenda China. Yuro inakaa karibu asilimia 20, yuan karibu asilimia 2, na zilizobaki ziligawanywa kwa dola za Kanada na Australia na sarafu nyingine ndogo zenye soko zuri.

Yuan imepiga hatua kwenye biashara ya China yenyewe, ambapo zaidi ya robo ya biashara ya bidhaa na nje sasa inalipwa kwa yuan. Tangu 2015 ina mfumo wake wa malipo wa CIPS. Oktoba 2025 Kenya ilitangaza kuwa imegeuza mikopo mitatu ya reli ya SGR kutoka dola kwenda yuan, na kwamba itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka kwa sababu riba ya yuan iko chini. Kilichobaki kigumu ni kutoka. Raia wa China anaruhusiwa kubadilisha fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 tu kwa mwaka, na serikali inadhibiti mitaji inayoingia na kutoka. Sarafu ambayo mwenyewe haachi itoke huru, dunia haiwezi kuiwekea akiba kubwa. Na ukilipwa kwa sarafu isiyo na matumizi unakwama, kama Urusi ilivyokwama: iliuzia India mafuta, na Mei 2023 waziri wake wa mambo ya nje, Sergey Lavrov, alikiri kuwa wana mabilioni ya rupia kwenye benki za India wasiyoweza kuyatumia.

Maoni yangu ni kwamba tunaelekea kwenye kugawana, kama miaka ya 1920. Dola itabaki kubwa zaidi na yuan itaongezeka kwenye njia za China. Kama kuna atakayeiangusha dola haraka, ni Marekani yenyewe, kwa kuliacha deni lake likue bila mpango au kwa wanasiasa kuinyang'anya Benki Kuu uamuzi wa riba. Hata hivyo utaona dalili kwa miaka, haitakuwa asubuhi moja.

Sasa fedha zako. Akiba ya biashara iwe kwenye sarafu ya ankara inayofuata. Mzigo ujao ukiwa dola 10,000, basi 10,000 hizo ziache dola. Dola 4,000 zinazozidi ni za mzigo wa baada ya huo, nazo zisubiri hadi ujue utalipa kwa sarafu gani. Ukigeuza zote kuwa yuan leo halafu muuzaji akaandika ankara ya dola, utalipia mabadilishano mara mbili, na kila mara benki inakata tofauti yake. Dhahabu nayo ina bei ya kupanda na kushuka, na ukinunua mkufu unalipia ufundi ambao sonara hatakurudishia siku ya kuuza. Kama unataka dhahabu kwa ajili ya watoto, nunua kwa faida ya duka. Fedha ya mzigo usiiguse.

Ofa ya yuan lakini usiidharau. Muuzaji wako analipa mishahara na chuma kwa yuan. Anapokupa bei ya dola anajiongezea kidogo, ili dola ikishuka kabla hujalipa asipate hasara. Ukilipa kwa yuan nyongeza hiyo haihitajiki, na punguzo linatoka hapo. Upande wa pili, benki yako huenda inanunua dola kwanza ndipo inunue yuan, kwa hiyo bei yake ya yuan inakuwa na makato mawili. Swali ni lipi kubwa zaidi.

Omba profoma (ankara ya awali) mbili za mzigo uleule, tarehe ileile, moja ya dola na moja ya yuan, zikionyesha bei inadumu siku ngapi. Siku hiyohiyo uliza benki mbili zikupe bei ya kukuuzia dola na yuan, pamoja na ada ya kutuma. Linganisha kitu kimoja tu: jumla ya shilingi zitakazotoka. Namba hizi ni za mfano. Dola 10,000 kwa bei ya 2,500 ni shilingi 25,000,000. Yuan 72,000 kwa bei ya 352 ni shilingi 25,344,000. Yuan ni ghali kwa 344,000, yaani karibu asilimia 1.4. Muuzaji akikupunguzia asilimia 1, dola bado ni nafuu. Akikupunguzia asilimia 2, unalipa yuan 70,560, sawa na shilingi 24,837,120, na umeokoa karibu 163,000. Ila dola ulizo nazo tayari zihesabu kwa bei ambayo benki ingezinunua kwako leo, usitumie bei uliyonunulia mwaka jana.

Malipo ya yuan mara nyingi hukwama kwenye akaunti ya kupokea. Iwe ya kampuni iliyoandikwa kwenye profoma, na benki yake iwe inapokea yuan kutoka nje ya China. Akikuambia utume kwenye akaunti binafsi ya shemeji yake, kataa: fedha inaweza kurudishwa au kuzuiwa, na huna karatasi ya kudai mzigo. Sababu ya malipo iandikwe kuwa ni biashara ya bidhaa, na jina liandikwe kama lilivyo benki kwake, herufi kwa herufi. Uliza pia ada za benki za katikati zinabebwa na nani. Mkigawana, muuzaji atapokea pungufu na anaweza kuushikilia mzigo kwa ajili ya dola 25. Mara ya kwanza tuma kwa yuan ile amana (malipo ya kwanza ya kuanzia mzigo) tu, na salio lilipe kwa njia uliyoizoea mpaka uone amana imefika bila matatizo.

Jambo la sheria: kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, kwa hiyo usianze kuuza vipuri kwa dola ili kujikinga. Kuwa na akaunti ya fedha za kigeni na kulipia bidhaa za nje hakukatazwi.

Kuna hali ambazo jibu la maandishi halitoshi. Kama umekopa kwa dola na mauzo yako yote ni shilingi, kama ankara zako zitazidi dola 50,000 kwa mwaka, au kama umesaini mkataba wa bei ya miezi sita na mteja mkubwa, nenda ana kwa ana kwenye idara ya fedha za kigeni ya benki yako. Usiishie dirishani kwa keshia. Waulize kama wanaweza kukufungia bei ya leo kwa malipo ya siku 60 au 90 zijazo, watadai dhamana kiasi gani, na itakuwaje mzigo ukichelewa. Beba ankara za mwaka mzima, nyaraka za forodha na taarifa ya akaunti, maana bila hizo watakupa bei ya mtu wasiyemjua. Na kama mkopo wenyewe ndio wa dola, mwone pia mhasibu wako kabla hujasaini kitu kipya.